Wakili wetu wa zamani sasa anamtetea mume wangu

SWALI: Habari za kazi, wakili. Mimi na mume wangu tumetengana na kila mmoja anataka kukaa na watoto. Wakili aliyemweka ndiye aliyetuandalia sote wawili mikataba ya biashara yetu miaka mitatu iliyopita. Wakati ule nilimweleza mengi, hata kipindi nilipotibiwa msongo wa mawazo. Anasema kazi ile ilikwisha na haihusiani na watoto. Naweza kumpinga? Na mshauri nasaha wa ndoa yetu, ambaye mume wangu anataka aandike ripoti ya mahakama, anafaa?

JIBU: Pole, dada. Kazi ilikwisha kweli, ila wajibu wa kutunza siri zako haukwishi na kazi. Mahakama itataka kujua kama shauri la zamani linagusana na la sasa, na kama wakili alipata kwako siri zinazoweza kukuumiza leo.

Kwenye malezi, hilo la pili ni pana kuliko watu wanavyodhani. Kwenye kesi ya mpaka wa kiwanja, afya yako haimhusu mtu. Hapa afya, kipato, saa unazorudi nyumbani na watu unaoishi nao vyote huwa ushahidi. Wala wakili hahitaji kutangaza siri. Akikuuliza kwenye maswali ya dodoso, yaani anapokuhoji mahakamani baada ya kutoa ushahidi wako, "Umewahi kutibiwa ugonjwa wa akili?", tayari ameshatumia ulichomwambia, na hutaweza kuthibitisha alikolitoa swali. Ndiyo maana kanuni za maadili za mawakili katika nchi nyingi hazisubiri siri ivuje.

Jiandae kwa hoja yake nzito zaidi: kwamba mlikuwa wateja wa pamoja, hivyo hapakuwa na siri kati yenu. Hoja hiyo ina nguvu kwa yale mliyomweleza kuhusu biashara. Je, habari za matibabu ulimweleza mume wako akiwepo, au mkiwa wewe na wakili tu ofisini? Kama mlikuwa wawili, na jambo lenyewe halikuhusu mikataba, hoja inalegea sana. Tafuta barua pepe, meseji, risiti, chochote kinachoonyesha lini mlionana na kwa kazi gani.

Anza na barua fupi kwa wakili huyo: taja kazi aliyowafanyia, sema hukumpa ridhaa ya maandishi, mtake ajitoe. Akikataa, peleka maombi mahakamani pamoja na hati ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi unayoapa kuwa ni kweli. Na hapa ndipo wengi hujikaanga kwa mafuta yao wenyewe: ili kuonyesha wakili anajua siri, wanaiandika yote kwenye kiapo, na mume anaisoma. Andika tu "taarifa binafsi za afya". Hakimu akitaka undani, omba auone faragha.

Usikawie. Ukinyamaza hadi kesi ianze kukuendea vibaya, utaonekana uliridhika, au unatumia pingamizi kama mbinu. Mahakimu wanazijua mbinu hizo. Wapo wazazi wanaozunguka kwa kila wakili hodari kuomba ushauri wa nusu saa ili mwenzao akose wa kumtetea. Malalamiko kwenye chombo cha nidhamu cha mawakili ni njia nyingine, na kwa yenyewe hayamwondoi wakili kwenye kesi yenu.

Pia omba amri ya muda kuhusu watoto isikilizwe bila kusubiri pingamizi liamuliwe. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 3, unataka maslahi ya mtoto yapewe uzito wa kwanza, na mtoto hawezi kukaa miezi bila kujua analala wapi wakati wakubwa wanabishana juu ya wakili.

Mshauri nasaha? Kataa. Aliwasikiliza ili awasaidie, hakuwapima. Kusema nani akae na watoto ni kazi nyingine: inataka mtu asiyefungamana na yeyote, aliyewaona watoto wakiwa na kila mzazi, aliyezungumza nao na kwenda shuleni kwao. Omba mahakama imteue mtu huyo. Na mwandikie mshauri leo kwamba huridhii atoe kumbukumbu za vikao vyenu bila amri ya mahakama.