Diski mpya, mtetemo uleule: nilichokikuta nyuma ya breki za mbele

Tulikuwa tunarudi Dar kutoka Iringa. Watoto wamelala nyuma, mama yao anamenya chungwa, nami nashuka mlima Kitonga nyuma ya lori la mbao. Kila nikikanyaga breki, usukani unanichezea mikononi kama nimeshika kuku anayetaka kuponyoka. Mama watoto akaacha kumenya. "Si ulisema umebadilisha?"

Nilikuwa nimebadilisha. Miezi saba kabla ya safari ile, gereji moja ilinifungia diski mpya mbili za mbele, zile sahani za chuma zinazozunguka na tairi, pamoja na pedi zinazozibana. Mtetemo ukaisha kabisa, nikalipa, nikashukuru. Halafu ukaanza kurudi kidogokidogo: kwanza nikifunga breki kwenye mwendo wa 100, baadaye 80, mpaka siku hiyo ya Kitonga ukawa unajitokeza hata kwenye 40. Tulishuka kwa gia ya chini, taratibu, na tulipofika nyumbani Kigamboni nikaamua kwamba safari hii nafungua mwenyewe. Si kwamba najua kuliko mafundi. Nilitaka kuona kwa macho yangu mle ndani mna nini.

Gari ni Subaru Forester ya 2010, ile tunayoiita SH5. Ukiwa na RAV4, X-Trail au Harrier kazi ni ileile. Kinachobadilika ni namba za spana na vipimo. Nilishawahi kubadilisha pedi mara mbili nyumbani, na kusema kweli aliyewahi kubadilisha pedi ameshafika nusu ya njia. Ambaye hajawahi hata kufungua tairi asianzie kwenye diski.

Tuanze sokoni, maana hapo ndipo nilipopoteza siku nzima. Nilikwenda Kariakoo, mitaa ya Gerezani, nikaomba "diski za mbele za Forester". Muuzaji akanipa, nikavuka nazo hadi nyumbani, hazikuingia. Forester za miaka ile zina diski za mbele za kipenyo cha milimita 276 na nyingine za milimita 294, kutegemea toleo. Kwa hiyo nenda na namba ya chesisi, au afadhali upime ya kwako kwanza kwa futi ya chuma. Diski za mtumba mimi sinunui. Ukilazimika, nenda na vernia, kile kipimo cha unene chenye taya mbili, na muuzaji akikasirika ukipima, hiyo nayo ni jibu.

Ya kwangu ikiwa mpya ina unene wa milimita 24, na kwenye kofia yake, sehemu ya katikati iliyoinuka, imechongwa kwa herufi ndogo MIN TH 22 mm, maana yake ikishuka chini ya 22 ni chuma chakavu. Kupima kuna ujanja wake. Diski iliyotumika huacha ukingo mdogo nje, pale ambapo pedi haigusi, na ukibana vernia juu ya ukingo huo utasoma unene usiokuwepo. Chukua sarafu mbili, zipime zikiwa pamoja, kisha ziweke moja kila upande wa diski ndani ya ukingo, pima, halafu toa unene wa sarafu. Zangu zilisoma 23 na ushee. Hazikuwa zimekwisha! Hapo ndipo nilipoanza kuhisi kwamba kosa si la diski.

Kuhusu kuinua gari sitasema mengi, ila haya hayana mjadala. Handibreki juu, gia kwenye P, mawe mazito kwenye matairi ya nyuma. Legeza nati nusu mzunguko tairi likiwa bado chini. Uwanja wa huku kwetu ni mchanga, kwa hiyo jeki na stendi vinakaa kwenye sakafu ya zege ya barazani. Kwenye mchanga, hata ukiweka ubao, mimi siingizi mkono. Gari likishakaa juu ya stendi, tairi ulilotoa lilaze chini ya bodi, stendi ikiteleza gari litaangukia tairi na si mguu wako. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Na fungua upande mmoja tu kwa wakati mmoja: ukisahau klipu ilikaaje, upande wa pili utakukumbusha.

Geuza usukani mpaka bolti za nyuma ya kalipa, kile kikamatio kinachobana pedi, zitazame nje. Bolti mbili za pini ambazo kalipa hutelezea ni namba 14, zile za breketi inayoibeba kalipa ni namba 17, na hizi za 17 ndizo zitakazokutoa jasho. Nilivisha mpini wa spana bomba la futi mbili, nikavuta taratibu bila kushtua. Kalipa ikitoka usiiache ining'inie kwa mpira wa breki. Ifunge kwa waya kwenye springi. Mpira uliovutwa huweza kupasuka ndani kwa ndani bila wewe kuona chochote kwa nje.

Pistoni, ile inayosukuma pedi kutoka ndani ya kalipa, lazima irudi ndani ili pedi nene zipate nafasi. Kwanza chungulia kopo la mafuta ya breki. Likiwa limejaa hadi juu, nyonya kidogo kwa bomba la sindano, kwa sababu pistoni ikirudi mafuta hupanda na kumwagika, na mafuta yale hula rangi ya gari. Yakimwagika, maji mengi papo hapo. Mimi naweka pedi kuukuu juu ya pistoni, naibana kwa klampu ya seremala, polepole. Ikigoma kurudi, acha, ita fundi.

Sasa diski. Huku pwani hewa ina chumvi, na diski hushikana na habu, kile kitovu cha chuma kinachobeba tairi, utadhani zilichomelewa. Watu wengi hapo hushika nyundo. Sishauri, kwa sababu kila pigo linapita moja kwa moja kwenye beringi ya tairi. Itazame diski vizuri: kwenye uso wake kuna matundu mawili madogo yenye nyuzi ambayo hayana bolti yoyote. Yamewekwa kwa kazi hiyo. Tafuta bolti mbili za milimita 8, zenye nyuzi za 1.25, zikaze kwa zamu, robo mzunguko hii, robo ile. Diski yangu ilitoa mlio mmoja kama mlango wa kale ukifunguliwa, ikaja yenyewe.

Nikaikuta sababu ya Kitonga.

Uso wa habu, pale diski inapoegemea, ulikuwa na magamba ya kutu kuzunguka misumari ya nati, mengine manene kama ganda la kitunguu. Ilikuwa kutu ya miaka. Aliyenifungia diski mpya alitoa kuukuu, akapachika mpya juu ya uchafu uleule. Dakika kumi za brashi ya waya alizikwepa, nami sikujua kuzidai.

Kama hukuona tatizo liko wapi, chukua sinia, liweke mezani juu ya punje moja ya mchele. Katikati halionekani limeinuka, lakini ukingo wake umekaa upande. Diski nayo hukaa hivyo hivyo. Mwanzoni husikii kitu, kwa sababu unene wake bado uko sawa kila mahali. Ila kila tairi linapozunguka, hata hujagusa breki, sehemu ileile ya diski inapapasa pedi. Inalika. Baada ya maelfu ya kilomita sehemu ile imekuwa nyembamba kwa sehemu chache za mia za milimita, kiasi ambacho vernia yangu haikukiona kabisa, kinahitaji maikromita, lakini mkono kwenye usukani unakihisi. Watu husema diski imepinda kwa joto, eti ulipita kwenye dimbwi ikiwa ya moto. Mara nyingi haikupinda. Imelika upande mmoja, na iliyosababisha ni kutu iliyoachwa nyuma yake.

Ningeweza kuzipeleka zikakerezwe, unene ulikuwa bado unaruhusu. Lakini ya kulia ilikuwa na mistari mirefu kwa sababu pini moja ya kalipa ilikuwa kavu na imekwama, pedi ya ndani inafanya kazi ya pedi mbili. Diski hubadilishwa jozi, kushoto na kulia, usiweke mpya upande mmoja. Nikanunua mbili.

Habu niliisugua karibu saa nzima. Brashi ya waya kwanza, kisha msasa uliozungushiwa kipande cha ubao ili usichimbe, na kati ya msumari na msumari nikatumia bisibisi bapa kukwangua. Endelea mpaka ukipitisha kucha haikwami popote. Usifute vumbi kwa kupuliza upepo. Pedi za zamani za asili usiyoijua zinaweza kuwa na asbesto. Lowesha kitambaa ufute. Nikiwa hapo ndipo mzee jirani, dereva mstaafu wa malori ya Tunduma, alipokuja kuegemea ukuta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo tumepata fundi Maiko mtaani?" Ndivyo tunavyomwita fundi wa kulipua kazi.

Nikamwonyesha kutu. Akainama, akaigusa kwa kidole, akatikisa kichwa. "Umechukua saa nzima kusugua, basi wewe si Maiko. Maiko angeshamaliza na kukuomba hela ya soda."

Diski mpya huja imepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Yatoe yote kwa spreyi ya kusafishia breki, au sabuni na maji ya moto kisha kausha vizuri. Wengine hutumia petroli. Mimi hapana, moto ni moto. Ukishaipachika, ibane kwa nati zote 5 zenye washa chini yake ili ikae kama itakavyokaa na tairi, kisha hakikisha haiyumbi. Mwenye geji ya saa, kipimo chenye mshale kinachoonyesha diski inavyoyumba, ataona namba. Isizidi milimita 0.05. Mimi sikuwa nayo, nikafunga kipande cha waya kwenye breketi ncha ikikaribia kugusa diski, nikaizungusha kwa mkono huku nikimulika kwa tochi. Ule uwazi haukucheza. Kipimo cha kimaskini, na hakioni sehemu za mia, lakini gamba kubwa la kutu lingejionyesha.

Usisahau pini za kalipa. Zichomoe, zifute, zipake grisi ya silikoni iliyotengenezwa kwa breki. Grisi ya kawaida huvimbisha raba zake. Mara nyingi pini ya juu na ya chini hazifanani, kwa hiyo usizichanganye. Na mikono yenye grisi isiguse uso wa pedi wala wa diski.

Kukaza nako kuna hesabu. Kwenye gari langu bolti za breketi hukazwa kwa nyutoni-mita 80, za pini 27, na nati za tairi mimi hukaza 100. Ya kwako yatafute kwenye kitabu chake. Toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, niliazima. Nati za tairi kaza kwa kuruka, moja na ile ya mbali nayo, usifuate mduara. Zile bunduki za upepo za mafundi wa matairi hukaza nati moja kupita kiasi na nyingine kidogo, na diski uliyoihangaikia inaweza kuvutwa upande upya. Sasa hivi nikienda kuziba pancha naomba wamalizie kwa mkono. Hunitazama kama msumbufu, nami nasubiri.

Nilipomaliza pande zote mbili nikashusha gari, nikaingia, nikawasha, nikataka kurudi nyuma kidogo. Mzee akapiga bodi kwa kiganja. "Umepampu pedeli?"

Sikuwa nimepampu. Nilikanyaga, ikazama mpaka sakafuni kama hakuna kitu. Pistoni zilikuwa zimerudishwa ndani kabisa, na mpaka ukanyage mara kadhaa zisogee zikutane na pedi, gari halina breki za mbele. Nyuma yangu kulikuwa na geti na baiskeli ya mtoto. Tangu siku hiyo hukanyaga kabla hata ya kushusha jeki, gari likiwa limezimwa, mpaka pedeli iwe ngumu, kisha naangalia tena kopo la mafuta. Pedeli ikibaki laini kama sponji baada ya hapo, kuna hewa au kuna panapovuja. Gari lisitoke getini.

Siku ya kwanza usiende mjini kwenye foleni. Alfajiri niliingia barabara ya kuelekea Kibada ikiwa tupu, nikawa naenda 50, nafunga breki kwa nguvu ya wastani mpaka 10 bila kusimama, naachia, naongeza tena. Mara kumi. Kunatoka harufu kidogo, usiogope. Kisha nikaendesha bila kugusa breki ili zipoe. Kosa ni kusimama na mguu umekandamiza breki zikiwa za moto, kwani pedi huacha alama yake pale pale kwenye diski. Baada ya kilomita 100 hivi nikakaza nati tena. Mbili zilisogea kidogo.

Mwaka na miezi miwili sasa. Tumeshuka Kitonga mara mbili, na mara ya pili mama watoto alimenya machungwa yake mpaka Ruaha Mbuyuni. Kila nikibadilishana nafasi za matairi naichungulia habu, na kutu mpya imeshaanza kujitokeza ukingoni, Kigamboni ni Kigamboni. Zile diski mbili za miezi saba sikuziuza kwa wa vyuma chakavu. Moja mzee aliiomba, sijui ya nini. Nyingine inazuia geti lisijifunge upepo wa kusi ukivuma.