ARTE ukiwa nje ya Ulaya: kwa nini tamasha linafunguka na filamu inagoma

Mkuu, umeuliza kwa nini arte.tv inakuonyesha tamasha la muziki lakini filamu inakataa, na kama ukilipia kifurushi itafunguka. Haina kifurushi cha kulipia. ARTE ni kituo cha umma cha Ufaransa na Ujerumani: mkataba ulisainiwa Oktoba 1990, makao makuu yako Strasbourg, na kiko hewani tangu 30 Mei 1992. Karibu fedha zake zote zinatoka kwa umma wa nchi hizo mbili.

Kinachogomesha ni haki za kuonyesha. Filamu ya sinema hununuliwa kwa maeneo maalumu, na mtandao wao ukisoma kwenye IP (anwani ya intaneti ya kifaa chako) kwamba uko Dar au Mombasa, unaizuia. Kufuta programu na kuiweka upya hakusaidii, unaunguza bando bure. Anzia kwenye vile walivyoagiza au kushiriki kuvitengeneza wenyewe: filamu za makala, ripoti, na matamasha ya ARTE Concert, sehemu yao ya muziki. Huko ndiko utakuta vingi vinafunguka.

Wengi hupotea kwenye lugha. Kuna Kifaransa, Kijerumani, Kiingereza, Kihispania, Kipolandi na Kiitaliano, lakini ukibadili lugha unabadili orodha yenyewe ya vipindi, si maandishi ya ukurasa tu. Ya Kiingereza ni fupi mno. Wenzetu wa Bujumbura na Lubumbashi wanaosoma Kifaransa watafute moja kwa moja arte.tv/fr, kisha wafungue mipangilio ya sauti ndani ya video. VF ni sauti ya Kifaransa iliyowekwa juu. VOSTF ni sauti asilia na tafsiri ya Kifaransa chini. Upande wa Kijerumani hiyo huandikwa OmU. Chukua VOSTF kila inapopatikana. Mahojiano ya fundi au mwanamuziki yakifunikwa na sauti ya mtu mwingine, unakosa mkazo, kigugumizi na kicheko chake, na hapo ndipo penye utamu wa vipindi hivi.

Ubora wa picha usiuache ujipandishe wenyewe: video ya Mbps 2 (megabiti 2 kwa sekunde) inakula karibu MB 900 kwa saa. Angalia pia tarehe baada ya maneno "Disponible jusqu'au" (inapatikana hadi). Ikipita, video inaondolewa. Ukitaka cha kuanzia kisicho na usumbufu, Le Dessous des cartes iko pia YouTube: siasa za dunia zinaelezwa kwa ramani, dakika kama 12 kwa kipindi.