Kidonge cha tezi na gilasi ya mtindi

Mwezi huu sijui kuna voisi gani imezunguka huko WhatsApp kwamba mtindi unatibu tezi ya shingo, maana watu kadhaa wameniuliza jambo hilo hilo kila mtu kwa maneno yake. Nimechukua barua moja ndefu kwa sababu ina kila kitu ndani, na mengine mafupi nimeyaweka chini.

SWALI: Shikamoo Bibi. Mie mama wa watoto watatu, nipo Wete. Mwaka jana nlikuwa nachoka kupita kiasi, nikilala usingizi haunishibi, nywele zinabaki kwenye kitana, choo napata mara moja kwa siku nne, na baridi naisikia hata kaskazi ya mchana watu wote wanajipepea. Spitali wakanipima damu wakasema tezi yangu ya shingo imelegea, wakanipa vidonge vya levothairoksini, yaani homoni ya tezi ya kutengenezwa, vya mikrogramu 50 kila siku, nikapata nafuu. Sasa wifi yangu alioko Omani kanitumia voisi inasema tezi inaanzia tumboni, bakteria wazuri wakijaa tumboni tezi inajitibu wenyewe, basi miezi mitatu sasa kila asubuhi kidonge changu nakimezea gilasi kubwa ya mtindi. Juzi nimepima tena, ile TSH imepanda badala ya kushuka na uchovu umerudi vile vile. Daktari anataka kunizidishia dozi. Bibi, mtindi haunifai? Au niache vidonge nizidishe mtindi? Na mama mkwe wangu anasema yote haya ni kwa sababu sili achari.
*Mama wa Watatu, Wete, Pemba*

JIBU: Marahaba mwanangu. Vidonge usiache, hilo tulimalize mwanzo kabisa kabla hatujaingia kwenye mtindi.

Nimesoma barua yako mara mbili na pale uliposema "nakimezea gilasi kubwa ya mtindi" nikaweka miwani chini nikacheka peke yangu, samahani sikucheki wewe, nacheka kwa sababu jawabu umeliandika mwenyewe bila kujua. Hicho kidonge kina wivu, hakitaki mke mwenza tumboni. Kinataka tumbo tupu na maji matupu, basi, halafu kiachwe nusu saa mpaka saa nzima ndo chakula kifuate. Mtindi una kalsiamu nyingi, na kalsiamu ikikutana na levothairoksini zinashikana, kidonge kinapita na njia yake kinatoka, damuni hakijafika chote. Na si mtindi peke yake, kahawa nayo, maziwa ya soya, vidonge vya kalsiamu, vidonge vya kuongeza damu, dawa za kiungulia, vyote hivyo vina tabia hiyo. Vya kalsiamu na vya damu viachanishe na cha tezi kwa saa 4.

Sasa ile TSH, watu wengi wanadhani ndo homoni ya tezi yenyewe, siyo. TSH inatoka kwenye kijitezi kilioko chini ya ubongo, kazi yake kuigombeza tezi ya shingo ifanye kazi. Homoni zikipungua mwilini sauti inapanda, zikitosha inashuka. Kwa hivyo yako imepanda kwa sababu mwili umeona homoni haba, na mie nahisi dozi yako haikuwa ndogo, ilikuwa inapotea njiani kila asubuhi. Rudi kwa daktari umwambie habari ya mtindi kama ulivoniambia mie, usione haya, maana akikuzidishia bila kujua halafu wewe ukaacha mtindi wa asubuhi, dozi itakuwa kubwa na moyo uanze kwenda mbio. Ukishatengeneza saa ya kidonge, pima tena baada ya wiki 6 mpaka 8, kabla ya hapo TSH inakuwa bado haijatulia.

Tuje kwa wifi. Hakusema uongo wote. Tumbo na tezi kweli wanajuana, ila hiyo voisi imechukua kamba ikaishika kwa mkia. Tezi ikilegea matumbo nayo yanakwenda polepole, ndo ile choo ya siku nne uliyoisema, kwa hiyo mara nyingi tumbo ndo linaloumizwa na tezi, siyo tezi kuumizwa na tumbo. Upande wa pili nao upo: tezi inatoa zaidi ile homoni ya T4, ambayo ni kama muhogo mbichi, mwili lazima uigeuze iwe T3 ndo itumike, na kazi hiyo inafanyika kwenye ini, figo na sehemu nyengine pamoja na utumbo, kwa vimeng'enya vinavotaka madini ya seleniamu. Tezi yenyewe ili itengeneze homoni inataka iodini, na kile kimeng'enya chake kinataka chuma. Haya madini yote yanaingilia wapi? Tumboni. Tumbo likiwa bovu, yanaingia pungufu. Mpaka hapo nipo na wifi.

Kuhusu bakteria wa mtindi wenyewe, watafiti wamejaribu kuwapa watu wenye tezi iliyolegea vidonge vya bakteria wazuri, majaribio yenyewe madogo ya watu wachache, na majibu yanapishana, wengine wameona nafuu kidogo wengine hawajaona kitu. Hakuna hata moja lililoonesha mtu kaacha dawa kwa sababu ya mtindi. Na kama tezi yako imelegea kwa sababu kinga ya mwili inaishambulia, ugonjwa alioueleza daktari wa Kijapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912, basi sehemu iliyokwisha kuharibika mtindi hauijengi upya.

Lakini kula mtindi, kula wallahi, ila uwe wa mchana au wa jioni. Unakulainishia choo, una protini, na maziwa nayo yana iodini yake kidogo. Mie wangu nautengeneza mwenyewe: nachemsha maziwa, nayaacha mpaka nikitia kidole nahesabu kumi bila kukichomoa, hapo natia kijiko cha mtindi wa jana, nakoroga, nafunika, naliviringisha sufuria na kanga kuukuu nalitia kabatini mpaka asubuhi. Ukishaganda usiuchemshe tena, bakteria ukiwachemsha wanakufa unabaki na uchachu tu. Ndo maana nawaambia watu mkate wa kumimina na vitumbua, ijapokuwa unga wake unaumuka na hamira usiku kucha, vikishapita kwenye moto havina bakteria hai tena, vile kuleni kwa raha yake. Na mama mkwe mpe salamu zangu, achari ya ndimu ya chumvi na jua ile ya zamani kweli inachacha yenyewe, lakini hizi za kumiminiwa siki ya dukani zina ukali tu, na chumvi yake kwa mtu mwenye presha ni balaa.

Sasa nikuulize mie. Chumvi ya nyumbani kwako ni ipi?

Nauliza kwa sababu upo Pemba. Sisi watu wa visiwani tunajidanganya kwamba tumezungukwa na bahari basi iodini tunayo, kumbe chumvi ya bahari iliyokaushwa juani haina iodini ya kutosha mpaka itiwe. Upo utafiti uliochapishwa mwaka 2006, ulipima watoto wa skuli: Unguja asilimia 21.3 walikuwa na rovu, yaani tezi ya shingo iliyovimba, Pemba asilimia 32. Chumvi yenye iodini Unguja ilionekana kwenye asilimia 63.5 ya nyumba, Pemba asilimia 1. Moja! Kisiwa kizima kinakula samaki na kinaota rovu. Tokea wakati huo mambo yamesogea, lakini ile chumvi ya mawe ya kupimiwa kwa kopo bado ipo sokoni na watu wanaipenda kwa kuwa ni rahisi. Nunua ya pakti iliyoandikwa ina iodini, itie kwenye kopo lenye kifuniko, usiiweke wazi kando ya jiko, na kwenye mchuzi itie mwishoni, maana iodini moto na unyevu vinaipunguza. Mtu mzima anataka mikrogramu 150 kwa siku, mwenye mimba 250, ni kitu kidogo mno lakini kikikosekana ndo hayo. Nisikufiche lakini, wewe uliye kwenye vidonge chumvi haitokutoa kwenye vidonge, hii ni zaidi kwa ajili ya hao watoto wako watatu.

Na tumbo lenyewe la kulishughulikia kwetu, kabla ya bakteria wa mtindi, ni la minyoo. Safura inanyonya damu, damu ikipungua chuma kinapungua, na tezi bila chuma iodini inaishindwa kuitumia vizuri. Hili lilionekana kwa watoto wa Ivory Coast wenye rovu na upungufu wa damu, walipewa iodini rovu likapungua kidogo tu, walipopewa na chuma likapungua zaidi. Kwa hiyo wapime watoto damu, wape dawa za minyoo zikija skuli usiwafiche ndani siku hiyo, na wasiende chooni na shambani miguu mitupu. Hii haina voisi ya kuzunguka kwenye simu kwa sababu haina utamu, lakini kwa Pemba mie ningeanzia hapa.

SWALI: Bibi, mie ni mzee wa Makunduchi, muhogo nimekula tokea nazaliwa, asubuhi wa nazi, usiku wa kuchoma. Mjukuu wangu wa skuli kanambia muhogo unaleta rovu. Ananitisha au kweli?

JIBU: Mjukuu kasoma vizuri ila hajamaliza ukurasa. Muhogo, hasa ule mchungu, una sumu ya sianidi, mwili ukiisafisha inabaki thayosayaneti ambayo inagombania mlango na iodini kuingia kwenye tezi. Hili lilichunguzwa sana miaka ya 1970 kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu huko Kongo, watu walikuwa na iodini haba kisiwa kizima, lakini rovu lilizidi kule wanakokula muhogo mwingi usiotengenezwa vizuri. Yaani muhogo peke yake si tabu, tabu ni muhogo juu ya ukosefu wa iodini.

Na hapa ndo kuchachusha kunaisaidia tezi kweli kweli kuliko huo mtindi wa kwenye simu. Muhogo mchungu ukivundikwa majini siku kadhaa mpaka ukalainika na kutoa harufu, ule uchachu unavunja sumu na maji yanaondoka nayo. Wazee walijua, tena bila maabara. Wako wewe kama ni mtamu, umenye vizuri, uchemshe uive, ule na samaki na chumvi ya iodini, uendelee kwa raha zako. Kisamvu kitwangwe hasa na kichemshwe, siyo kuchovywa tu kwenye maji ya moto kikaitwa kimeiva.

SWALI: Mie nipo Jambiani, tunalima mwani. Kuna watu wanauza unga wa mwani wanasema vijiko viwili kwa siku unamaliza matatizo yote ya tezi. Nikinywa itadhuru? Tezi yangu sijapima.

JIBU: Hujapima halafu unataka kuitibu, haya. Mwani tunaoulima hapa tokea mwaka 1989 mwingi unasafirishwa nje kwenda kutolewa ule utelezi wa kugandisha vyakula na dawa za meno, haujalimwa kwa ajili ya tezi. Kila mwani una kipimo chake cha iodini na kwenye pakti hukioni. Na iodini ikizidi nayo inaharibu, tezi nyengine inafunga kazi kabisa, nyengine inapandwa na wazimu inatoa homoni ovyo. Kule Hokkaido, kaskazini ya Japani, watu wa pwani walikuwa na rovu kwa kula mwani mwingi mno, yaani rovu la shibe. Kidogo kwenye saladi au juisi mara moja moja mtu mzima asiye na tatizo haina neno, lakini vijiko viwili kila siku hapana, na mwenye mimba au aliyeko kwenye dawa za tezi asiguse bila kumuuliza daktari wake. Pima TSH kwanza, tutazungumza ukiwa na karatasi mkononi.

SWALI: Bibi, Ramadhani kidonge cha tezi nakinywa saa ngapi na mchana nimefunga?

JIBU: Una njia mbili, chagua moja uishike mwezi mzima usiwe unarukaruka, na umjulishe daktari wako. Ya kwanza ni usiku kabla hujalala, lakini iwe zimepita kama saa 3 tokea ulipokula mara ya mwisho, na hapo ndo wengi wanaposhindwa maana baada ya tarawehe mkono hautoki kwenye sinia. Ya pili naiona nyepesi: weka kidonge na gilasi ya maji kando ya mto, wapiga ngoma za daku wakipita nyinyuka ukimeze, rudisha kichwa mtoni nusu saa au zaidi, halafu ndo uamke ule daku lako. Mtindi uweke wakati wa kufuturu.