Kome anayefumba ganda bado anaweza kukudhuru

Bibi yangu pale Mikindani alinifundisha kumpima kome kwa kidole. Unamgusa, akifumba ganda yu hai, akibaki wazi unamtupa. Kipimo hicho ni kizuri cha kuwatenga waliokufa, lakini mimi nilikitegemea kupita kiasi. Siku moja ya bamvua, maji ya karibu na mikoko yakiwa na utando wa rangi ya kutu, nilirudi na ndoo ya kome waliofumba wote. Nikawachemsha mpaka wakaachama, nikala. Kabla sijamaliza kunawa mikono, midomo ilianza kunichonyota na ncha ya ulimi ikafa ganzi. Ilichukua saa kadhaa kupoa, na hofu ile sijaisahau.

Baadaye, chuoni, nilichoma sindano kwenye msuli unaofunga ganda la kome nikavuta damu yake. Kwa macho ni kama maji tu. Kwenye hadubini ndipo nilipoziona hemosaiti: chembe zinazotambaa, zinazonyoosha vijiguu, zinazozingira uchafu na kuumeza. Kome hatengenezi kingamwili kama sisi. Hizo ndizo askari wake, na hizohizo ndizo zinazomziba jeraha.

Kome hula kwa kuchuja maji. Vijimea vyenye sumu kama Alexandrium na Dinophysis vikizidi baharini, humwingia pamoja na chakula. Hemosaiti hukimbilia kwenye kuta za utumbo, nyingine hupenya hadi ndani kuvizingira. Vita hivyo humgharimu. Kutegemea aina ya sumu, kiasi chake na siku alizokaa nayo, baadhi ya chembe hufa, na nyingine hubaki hai ila hazimezi tena kama zamani. Bakteria aliokuwa akiwadhibiti hapo hupata mwanya.

Nilipomweleza bibi aliniuliza, "Sasa mjukuu wangu, kama anaumwa hivyo, mbona hafi?" Swali zuri sana. Saksitoksini, sumu ya Alexandrium, huziba njia za sodiamu, vitundu ambavyo neva hutumia kupeleka ishara, kwenye neva za binadamu, lakini neva za kome haziisikii sana. Basi hubeba sumu mwilini na ganda analifumba vilevile.

Moto huua bakteria. Sumu hii hauiondoi, wala ndimu haiiondoi. Sehemu yake huyeyukia kwenye mchuzi, kwa hiyo usiwape watoto mchuzi wa kome unaowatilia shaka. Kanada mwaka 1987, zaidi ya watu 100 waliugua kwa kula kome wa Prince Edward Island waliokuwa na sumu nyingine, asidi ya domoiki, ambayo nayo moto hauimalizi.

Ndugu zangu wachokoaji, maji yakibadilika rangi waacheni kome, tena msiwarudie siku yanapotakata. Huchukua hata wiki kadhaa kuitoa sumu mwilini. Pia sumu inaweza kuwepo maji yakiwa meupe kabisa, kwa hiyo ukisikia jirani amekufa ganzi baada ya kula, usisubiri kuona rangi.

Na wewe ukichonyotwa midomo, usilale ukingoje ipite kama nilivyofanya mimi. Nenda hospitali ya Ligula, Mtwara, au kituo cha afya kilicho karibu mara moja. Dawa ya kuifuta saksitoksini haipo, ila mgonjwa akisaidiwa kupumua huweza kupona. Mabaki ya chakula yatieni kwenye mfuko, muende nayo.