Kwa Mwalimu wa Ajira Mpya Unayepokea Kidato cha Kwanza

Ukiripoti katika shule ya sekondari ya kata hapa Tanzania na kukabidhiwa Kidato cha Kwanza, jambo litakalokushangaza mapema ni ukimya wa darasa. Nakuomba usiuchukulie kuwa ni uzito wa akili. Wengi wa watoto hao wamesoma miaka 7 ya shule ya msingi kwa Kiswahili, na sasa karibu masomo yote yanafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Kozi ya awali wanayopewa wanapoanza husaidia, lakini haizibi pengo la miaka yote hiyo.

Kusanya madaftari uyasome kwa utulivu. Utakuta daftari la Baiolojia lenye notisi zilizonakiliwa kwa mwandiko safi, pambizo limepigwa kwa kalamu nyekundu na kila kichwa cha mada kimepigiwa mstari kwa rula. Ukifika kwenye zoezi, maswali yamenakiliwa vilevile na nafasi za majibu ziko tupu. Mwanafunzi huyo si mvivu, kwani anaifanya kwa bidii sehemu pekee ya kazi anayoimudu. Mwite umuulize kwa Kiswahili jinsi mmea unavyojitengenezea chakula, na mara nyingi atakueleza vizuri. Kutoka hapo jengeni pamoja sentensi moja ya Kiingereza, kisha ya pili. Kanuni ya kuzungumza Kiingereza tu ina nia njema, lakini kumvisha kibao shingoni mtoto aliyeteleza akasema Kiswahili kunamfundisha kunyamaza.

Kidato cha Pili shinikizo huongezeka, kwa kuwa anayeshindwa Upimaji wa Kitaifa hukariri darasa. Hapo ndipo vipindi vya michezo huanza kufutwa ili kupisha masomo ya ziada. Vitetee katika kikao cha walimu. Yupo kijana ambaye jina lake halitajwi darasani ila kwa kukemewa, lakini uwanjani, wakati timu ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, inachaguliwa, wenzake humwita kwa furaha. Ukimwondolea uwanja, umemwondolea sababu ya kuja shuleni.

Elimu bila ada, iliyoanza 2016, imefungua milango kwa wengi, ingawa haikuondoa umbali wa kutembea alfajiri wala gharama ya taulo za kike. Msichana anayekosekana siku chache kila mwezi azungumze kwanza na mwalimu wa kike kabla hajaandikiwa adhabu ya utoro. Tangu mwishoni mwa 2021, waliokatiza masomo kwa ujauzito wanaruhusiwa kurudi. Mmoja wao akipangwa kwako, usiruhusu habari zake ziwe mazungumzo ya ofisini.

Mwisho, mzazi asiitwe shuleni siku ya kosa tu. Mpigie simu pia siku mtoto wake amejibu swali mbele ya darasa kwa mara ya kwanza, na umtajie swali lenyewe.