Godoro la chomboni linalowa chini

SWALI: Nina jahazi hapa Lamu, nalaza wageni chumba cha chini ya sitaha. Godoro la sponji, jipya, nimelitandika juu ya plaiwudi. Asubuhi juu kukavu, ukiligeuza chini limelowa, na madoa meusi yashaanza. Chombo kimekalafatiwa juzi tu, mianya ya mbao ikazibwa. Ninunue godoro gani?
Msomaji, Lamu

JIBU: Usinunue kitu kwanza, mwanangu. Pitisha kidole juu ya hiyo plaiwudi, ukilambe. Yakiwa ya chumvi, ama kalafati haikushika ama ngama, pale maji yanapotuama chini kabisa ya chombo, imejaa, na chombo kikilala upande maji yanapanda, mrudie fundi. Yakiwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hayo ni ya wageni wako. Mtu aliyelala hutoa jasho na pumzi usiku kucha. Unyevu hupenya sponji, na ukikuta ubao uliopozwa na bahari, hasa miezi ya kusi, hugeuka maji yasiyo na pa kutokea.

Basi dawa iko kitandani. Ng'oa plaiwudi, weka mifumbati, zile mbao za ubavuni mwa kitanda, uwambe kamba kama vitanda vya wazee wetu, ila iwe ya nailoni maana ya katani huoza. Chini acha uwazi hewa ipite. Kuwamba kukikushinda, piga chaga, yaani vipande vya mbao vilivyoachana. Wengine hutoboa matundu kwenye plaiwudi. Yanasaidia, lakini ni nusu dawa. Mkeka usithubutu kuutia chini ya godoro, ukindu utaota ukungu mapema kuliko hiyo sponji.

Na ile nailoni ya dukani iliyofunika godoro, naapa hujaivua! Ivue leo.

Godoro lenyewe, sponji ngumu ya inchi 4 yatosha. Ya inchi 6 itawagongesha wageni vichwa. Sufi ni raha kulalia, lakini ikilowa hufanya mabonge. Unapokata, chukua kipimo cha boksi la kitanda chini na kingine juu, kwa sababu ubavu wa chombo hutanuka ukipanda. Ukikata wima, utabaki mwanya pembeni.

Kava liwe la zipu, lifuliwe kwa maji baridi tu. Chumvi ikibaki kitambaani huvuta unyevu wa hewani, hata ulianike jua la kaskazi litarudi kuwa chepechepe. Mchana wageni wakishuka, lisimamishe godoro kwa ubavu na ufungue mlango wa sitaha. Hilo la sasa, kama harufu imeshaingia ndani ya sponji, litupe.