Kabla ya kununua kiwanja Dodoma, uliza jalada liko wapi

Mimi ni mtu wa masijala. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekula mshahara wa serikali kwa kufungua majalada, kupanga folio (karatasi zenye namba ndani ya jalada) na kumtafutia bosi barua ya mwaka juzi ambayo anaitaka sasa hivi. Kwa hiyo ukisikia mtu kama mimi aliponzwa na karatasi, cheka tu. Mume wangu naye alicheka, ingawa ilimchukua mwaka mzima kufika hapo.

Nilihamia Dodoma 2017 pamoja na wizara yetu, mwaka mmoja baada ya Rais Magufuli kutangaza kwamba sasa serikali inahama kweli, maana azimio lenyewe la makao makuu lilikuwa la tangu 1973. Tulifika na maboksi ya majalada kwenye lori na wengine tukiwa na mabegi mawili mawili. Chumba nilichopanga kilipandishwa kodi mara mbili kabla sijamaliza kununua mapazia. Ofisini mazungumzo ya chai yakawa viwanja tu: fulani kapata Nzuguni, fulani kachukua eka mbili Mkonze, na wewe mama unasubiri nini? Mji wenyewe ulikuwa unavimba mbele ya macho yetu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956, ya 2022 ikahesabu 765,179. Watu wote hao wanataka pa kulala, na pa kulala pao ni juu ya shamba la mtu la mtama au la karanga.

Mwaka 2018 dalali akanipeleka nje ya mji, upande wa barabara iendayo Dar es Salaam. Robo eka. Nilimkuta mzee mmoja wa Kigogo amekaa chini ya mbuyu, mtaratibu, hana maneno mengi. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia "Marahaba," halafu akanifundisha kusema mbukwenyi, akacheka nilivyoitamka. Akanionyesha mipaka: huku minyaa, huku korongo, kule kichuguu, na upande wa nne akatupa jiwe kuonyesha linapoangukia. Tukaandikishana siku hiyo hiyo katika ofisi ya mtaa. Karatasi ya kurasa mbili, picha za pasipoti, mashahidi wanne, dole gumba la mzee, sahihi yangu, na muhuri. Nilitoa na ile asilimia kumi ya ofisi, nikaandikiwa stakabadhi ya mkono. Muhuri ulikuwa na wino mzuri wa bluu, umekaa sawa kabisa, haukupinda. Nilimsifia aliyeugonga. Fikiria.

Nikaiweka ile karatasi ndani ya bahasha, bahasha ndani ya begi, begi juu ya kabati. Nikaendelea na maisha.

Sasa ngoja niseme kitu ambacho nilikijua kazini kila siku na sikukitumia kwenye fedha zangu mwenyewe. Barua yoyote inayotoka ofisini ina nakala inayobaki. Ukiniletea barua ya wizara, sitazami muhuri kwanza. Natazama kumbukumbu namba, naenda kwenye rafu, navuta jalada, naangalia folio. Kama nakala haimo, barua uliyoshika nina shaka nayo hata iwe na mihuri mitano. Karatasi yangu ya mauziano haikuwa na jalada popote mjini Dodoma. Ilithibitisha kwamba siku fulani nilimpa mzee fulani fedha, na watu wanne waliona. Ofisi inayopanga mji, inayopima na inayotoa hati haikuwa na habari kwamba mimi nipo duniani.

Mwishoni mwa 2020 nilikwenda na fundi tuangalie pa kuchimba msingi. Nikakuta bikoni, zile alama za mpaka za wapimaji. Zege fupi, chuma kimechomoza katikati, na nyingine mbele yake. Mashine ilikuwa imeshapita ikafungua barabara ya mchanga mwekundu, na barabara hiyo ilikuwa imekula zaidi ya nusu ya robo eka yangu. Kipande kilichobaki kiliingia kwenye kiwanja chenye namba, na kwenye orodha ya wamiliki namba hiyo ilikuwa na jina la kijana wa yule mzee.

Hakuna aliyeiba. Eneo liliingia kwenye upimaji shirikishi, ambapo wenye mashamba wanakubali kwa pamoja kupimiwa, wanaachia sehemu ya ardhi kwa ajili ya barabara, shule na gharama za kazi, na wanarudishiwa viwanja vilivyopimwa. Ulifanyika mkutano wa mtaa. Ikafuata siku ya utambuzi: wapimaji wanatembea shamba kwa shamba na mwenyewe anasimama kwenye mpaka wake anaandikwa. Mimi siku hiyo nilikuwa ofisini napanga folio. Kijana alisimama kwenye shamba la baba yake, akaulizwa la nani, akasema letu, akaandikwa. Wewe ungemlaumu? Mimi nilimlaumu wiki nzima, halafu nikakubali kwamba kosa la kutosimama pale lilikuwa langu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza wala hauhusu siku ya kununua. Ukishanunua, onekana. Nenda mkutano wa mtaa hata kama ajenda ni taka. Acha namba yako ya simu kwa mjumbe na kwa majirani wote wanne. Pitia pale kila mwezi, panda hata miti mitatu, kunywa togwa na watu. Jirani wa mpakani ndiye atakayekupigia simu siku wapimaji wanakuja. Dalali hatakupigia, yeye saa hiyo yuko kata nyingine anamwonyesha mtu mwingine kichuguu.

Kabla ya kulipa, kuna kazi ya siku mbili tatu ambayo watu wanaikimbia kwa sababu dalali anasema kuna mteja mwingine anakuja jioni. Mwache aje. Tafuta mpima ardhi aliyesajiliwa, mlipe aende na kifaa chake achukue majira ya nukta, yaani namba zinazoonyesha mahali hasa, ya pembe zote za kipande unachoonyeshwa. Kisha nendeni ofisi ya jiji mkaulize mambo mawili: eneo hili lina mchoro wa mipango miji? Na kama upo, nukta hizi zinaangukia wapi? Mchoro unaweza kuwepo miaka kabla ya bikoni. Chini ya miguu yako unaona karanga, kwenye mchoro pale ni shule, au eneo la wazi, au hifadhi ya barabara. Madalali siku hizi wanauza kwa kutaja barabara ya mzunguko wa nje, ile ya kilomita 112.3 inayozunguka kupitia Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu. Kuwa karibu na barabara ni jambo zuri. Kuwa ndani yake ni jambo jingine, na kwa macho matupu huwezi kutofautisha.

Kama kiwanja tayari kina hati, omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Ada yake ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya kiwanja. Utaambiwa jina lililosajiliwa, kama kuna rehani ya benki, kama kuna zuio la mahakama. Mwombe pia muuzaji risiti za kodi ya pango la ardhi. Risiti peke yake haimthibitishi mmiliki, ila mtu anayejiita mmiliki na hajawahi kuvuta ankara hata mara moja ana maswali ya kujibu.

Dodoma ina mtego wake ambao wenzetu wa mikoa mingine hawaujui. Kwa miaka mingi ardhi ya mji huu ilishikwa na CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyoanzishwa 1973. Ilivunjwa Mei 2017, kazi zake zikahamia manispaa, na manispaa hiyo Aprili 2018 ikawa jiji. Kwa hiyo mtaani bado zinazunguka karatasi za nembo mbalimbali: za CDA, za manispaa, za jiji. Zipo halali na zipo za kutilia shaka, na nembo haitakuambia ipi ni ipi. Mimi nimehamisha majalada ya wizara moja tu kutoka Dar, najua kazi ya kuunganisha rafu mbili. Ukiuziwa kwa karatasi ya zamani, usikubali maneno ya "hii inatambulika." Mwambie muuzaji mwende pamoja, jalada livutwe, namba ya kiwanja na kitalu zisomwe mbele yenu wote. Muuzaji mkweli atalalamika kuhusu jua, lakini atakwenda.

Ukitoka nje ya jiji, Chamwino au Bahi, sheria inabadilika. Huko kuna ardhi ya vijiji inayosimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Mwenyekiti wa kijiji hana uwezo wa kukugawia ardhi peke yake. Ni halmashauri ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji unahusika. Dai muhtasari wa kikao, uone tarehe na mahudhurio. Karatasi ya hakimiliki ya kimila ni haki kamili kisheria, usiidharau kwa sababu haina rangi ya hati za mjini.

Kuhusu mgogoro nitasema kwa ufupi, maana sikufika mbali huko na nashukuru. Tangu sheria irekebishwe 2021, baraza la kata linasuluhisha tu, haliamui. Anayeamua ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na unatakiwa kuwa umepita kwenye usuluhishi kwanza. Usikae ukinung'unika nyumbani pia: madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12.

Na ninyi mnaouza, wazee wetu wa Ihumwa, Ntyuka, Nala na kwingineko, naomba mnisikilize ingawa mimi ni mnunuzi. Msiuze shamba lote kwa eka kabla halijapimwa. Nimeona mzee kauza eka tatu akanunua pikipiki ya mwanawe, miaka miwili baadaye eneo likapimwa na bei ya kiwanja kimoja ikapita bei ya eka zake zote. Pikipiki wakati huo ilishauzwa vipuri. Kaa kwenye mkutano, jiandikishe, pokea viwanja vyako vyenye namba, halafu ukitaka uza kimoja.

Yangu iliishaje? Nilizunguka ofisi mwaka mmoja na miezi kadhaa. Nilikuwa na shida moja ambayo muhuri haukuweza kuitatua: hakuna aliyenijua. Mwishowe nilirudi kwa mzee chini ya mbuyu. Angeweza kunikana. Macho yalikuwa yameanza kufifia, na mwanawe alikuwa amekaa pale pale anasikiliza. Mzee akaomba fimbo yake, tukapanda daladala, tukafika ofisini, akasimama mbele ya afisa akasema, "Huyu mama nilimuuzia mimi. Mtoto hakujua." Sentensi mbili. Jina likaanza safari ya kubadilishwa. Nililipia sehemu yangu ya upimaji na nikakubali kiwanja kidogo kwenye kitalu cha nyuma, mbali na barabara kubwa. Kijana na mimi sasa tunasalimiana vizuri. Ndiye aliyenichimbia shimo la choo.

Afisa aliyeshika jalada aliuliza kitu kingine ambacho hakuna aliyekiuliza 2018: mke wa mzee yuko wapi? Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi, na shamba ambalo mama amelilima miaka arobaini usijidanganye kwamba si lake. Kwenye karatasi yangu nzuri ya bluu bibi hakuwemo kabisa. Tukamfuata nyumbani na kidau cha wino. Nilitegemea ugomvi.

Alisikiliza maelezo yote ameshika ungo. Akasema, "Mwaka ule mimi sikuulizwa." Mzee akatazama chini. Bibi akaweka ungo pembeni, akatoa dole gumba akaligandamiza mahali alipoonyeshwa, akafutia wino kwenye pindo la kanga. Kisha akanigeukia mimi. Alitaka kujua kama bikoni zinamzuia kuvuna karanga zilizokuwa bado shambani. Nikamwambia avune. Akaniuliza tena, safari hii akimtazama afisa, ili kama kuna kuandika aandike.